Fundi wa Mitutu wa Kaloleni

Mteja akiingia dukani kutafuta bunduki ya ndege, Fundi hakumwonyesha bunduki. Alimpa ufagio. Ulikuwa mti wa ufagio wa kawaida, ila kichwa alikuwa amekikata, na mahali pake akafunga kipande cha chuma kwa kitambaa ili mti uelemee mbele. Alimtoa mteja hadi ua wa nyuma, akamwambia aelekeze ule mti kwa kunguru yeyote atakayepita juu ya mabati. Wengi walicheka. Mwingine alisema amekuja kununua bunduki, si kufagia. Lakini kunguru alipopita walijaribu, na Fundi hakumtazama kunguru hata kidogo. Alitazama mabega ya mteja, kiuno chake na miguu yake.

"Una haraka wewe," alikuwa akisema. "Unamfikia ndege vizuri, halafu unasimama. Na yeye hasimami."

Baada ya hapo ndipo alipoingia ndani na kutoka na bunduki moja tu. Hakutoa tano ili mtu achague.

Mimi nilikuwa kaunta, yeye alikuwa karakana ya nyuma. Tulifanya kazi pamoja miaka ya tisini, katika duka la bunduki lililokuwa katikati ya jiji la Nairobi, na sote wawili tuliishi Kaloleni, nyumba zetu zikitazamana. Kazi yenyewe niliipata kupitia kwake. Alinikuta nikianika nguo, akasema, "Dada, mwenye duka wetu anatafuta mtu anayejua kuongea na watu bila kuwadanganya. Nimekusikia ukigombana na muuza mkaa. Utaweza."

Nikisimulia haya leo, vijana huniuliza, uwindaji gani huo, Kenya? Ni kweli, uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku nikiwa bado mtoto. Lakini miaka ile ndege waliruhusiwa, kwa kibali na kwa msimu wake: kanga, kwale na njiwa wa porini. Msimu ukikaribia, duka lilijaa wakulima, madaktari, watu wa mashamba ya chai na wengine waliokuja tu kwa sababu marafiki zao walikuwa na bunduki. Karibu wote walitaka kitu kimoja. Walitaka mtutu mrefu, kwa kuwa waliamini mtutu mrefu hupeleka marisau, zile punje za risasi, mbali zaidi.

Kwa Fundi, hilo ndilo kosa lililokuwa mama wa makosa yote. Alilieleza kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Marisau, alisema, yakishatoka kwenye ganda la risasi yana nguvu zake tayari, na inchi mbili za chuma haziyaongezei kitu cha kujivunia. Urefu unabadilisha mwendo wa mkono. Mtutu wa inchi thelathini ukishaanza kuzunguka unapenda kuendelea, kwa hiyo unamfaa anayepiga njiwa wapitao juu ya shamba la alizeti, mahali ambapo ndege anaonekana tangu mbali. Wa inchi ishirini na sita unaamka upesi, unamfaa mtu wa vichakani, ambaye kwale anamrukia miguuni na kutoweka. Ishirini na nane ni wa mtu asiyejua kesho atakuwa wapi. Akimaliza kueleza yote hayo, aliyavuruga mwenyewe kwa kusema, "Lakini kwanza nikuone wewe."

Mimi pia alinipima. Mwenye duka alitaka kila muuzaji awe amewahi kufyatua bunduki, asije akauza kitu asichokijua. Siku ya kwenda uwanja wa shabaha nilijua nitapewa ile fupi na nyepesi, kwa maana kila mwanamke aliyeingia dukani alipewa hiyo na mume wake. Fundi akaniletea ya inchi thelathini.

"Fundi, hii ni ndefu kunishinda."

"Haikushindi. Mikono yako ina papara. Nikikupa nyepesi utaichapa kama fimbo ya kufukuza kuku. Hii itakutuliza."

Ilinituliza. Sahani za udongo tulizorushiwa zilivunjika angani, na bega langu likapata rangi ya zambarau ambayo niliionyesha mtaa mzima.

Alikuwa mtu wa pwani kwa asili, Mwislamu aliyezaliwa na kukulia Nairobi, mwenye Kiswahili kilichonyooka na sauti kubwa kupita kiasi, kwani sikio lake moja lilikuwa limeharibiwa na milio. Na huyu mtu wa bunduki hakupenda mlio wa bunduki. Alijaza pamba masikioni hata mteja alipokuwa bado anafungua mkoba. Nyumbani hakutaka kusikia habari za bunduki kabisa. Watoto wa mtaani wakichonga bunduki za mbao, aliwanyang'anya, akaketi barazani na kisu chake akawageuzia ile mbao kuwa gari. Wake wa majirani walisema ana roho laini. Wateja walisema ana roho ngumu, maana ukibishana naye juu ya inchi moja alikuacha umesimama na kwenda kunywa chai.

Kisha kulikuwa na habari ya nyama. Wateja walioridhika walimletea kanga, wawili wawili, wamefungwa miguu kwa kamba. Ndege wale walikuwa wamekufa kwa risasi bila kuchinjwa, na yeye hakula nyama isiyochinjwa. Basi alikuja nao Kaloleni na kuwagawa. Majirani wengi tulikuwa watu wa magharibi mwa Kenya, na kwetu kanga ni ndege wa mgeni wa heshima. Msimu wa ndege mtaa wetu ulinukia mchuzi kutoka mlango hadi mlango, na yeye alipita katikati ya harufu hiyo na kofia yake, akiuliza, "Huyu alikuwa laini?" Akiambiwa alikuwa laini, alifurahi. Alisema ndege laini ni ndege aliyepigwa vizuri.

Asidhani mtu kwamba hakukosea. Mkulima mmoja wa chai, mtu mkubwa kama mlango, alimwambia kwamba anawinda kando ya mto wenye vichaka. Fundi akamchagulia inchi ishirini na sita. Baada ya majuma kadhaa mkulima alirudi, akaiweka bunduki juu ya kaunta, akasema kwa upole, "Fundi, ndege wote wa kwetu wanakuombea maisha marefu." Fundi hakubisha. Jumapili ile alikwenda mwenyewe hadi shambani kwa mkulima. Akakuta vichaka vipo kweli, ila mkulima hakuwa akiingia humo. Alikuwa akisimama ng'ambo, kwenye majani mafupi, wafanyakazi wakimfukuzia ndege juu ya mto. Fundi alirudi akicheka peke yake. "Nilimuuliza ndege wanakaa wapi," aliniambia. "Sikumuuliza yeye anasimama wapi." Tangu hapo wale wawili walikuwa marafiki, na swali la unasimama wapi liliongezwa kwa kila mteja.

Swali hilo ndilo lililotuletea matatizo.

Asubuhi moja, msimu ukiwa umekaribia, aliingia mtu wa suti ya kahawia. Alikuwa akifahamiana na mwenye duka, mzee wa Kihindi mpole aliyependa amani kuliko kitu chochote. Yule mtu aliweka mezani bunduki nzuri ya mitutu miwili, inchi ishirini na nane, akasema anataka ifupishwe. Nikamwita Fundi.

"Unapiga ndege gani, mzee?" Fundi akamuuliza.

"Kwale."

"Wapi?"

"Vichakani. Vichaka vizito."

"Vizuri. Kwa vichaka vizito ishirini na sita itakutosha."

Yule mtu akatabasamu. Akaweka ukingo wa kiganja chake juu ya mitutu, mbele kidogo tu ya mahali pa kushikia. "Hapa," akasema. "Na kitako nacho kipunguze."

Fundi alikitazama kile kiganja kwa muda.

"Mzee, ukikata hapo bunduki haitafika begani. Ndege hapigwi bila bega. Unasimama wapi unapompiga?"

"Bunduki ni yangu. Wewe kata."

"Bunduki ya urefu huo haina kazi porini," Fundi akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea kwa sauti ya chini. "Inaingia ndani ya koti. Kazi yake iko mlangoni kwa watu. Siikati."

Siku chache kabla ya hapo tulikuwa tumemzika muuzaji mmoja wa duka wa mtaa jirani wa Ziwani, mtu aliyewauzia sukari na mafuta ya taa nusu ya watu wa upande ule. Majambazi waliingia kwake jioni na bunduki fupi iliyofichwa kwenye koti. Fundi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza ingawa marehemu hakuwa wa dini yake. Ndiyo maana nilijua sauti ilikuwa imeshuka kwa nini.

Mwenye duka alitoka ofisini, akamvuta Fundi kando. Nilisikia kila neno, kwa kuwa Fundi hasikii mpaka apaziwe sauti. "Fanya tu, Fundi. Huyu ana watu wake wakubwa. Tutapata shida."

"Mashine iko pale, mzee. Kata wewe."

Mwenye duka hakujua kuiwasha ile mashine. Akamtazama yule mtu, akanitazama mimi. Fundi alivua ovaroli yake ya buluu, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya kaunta, akatoka kwa mlango wa mbele, mlango wa wateja. Yule mtu wa suti alirudisha bunduki mkobani ikiwa na urefu wake, akauliza huyo fundi anakaa wapi. Hakuna aliyemjibu, lakini haikuwa siri kubwa.

Jumamosi alasiri gari lilisimama Kaloleni, karibu na bomba la maji ambapo tulikuwa tukifua. Walishuka wanaume wawili wenye miwani ya jua.

"Fundi wa bunduki anaishi nyumba gani?"

Hakuna mwanamke aliyeinua kichwa. Vijana waliokuwa wakicheza mpira waliacha mpira, wakasogea. Mmoja wao, kijana mrefu aliyejulikana kwa fujo kuliko kwa wema, aliufunga mlango wa gari uliokuwa wazi, polepole.

"Niaje, mabuda? Mnacheki nani?" akawasalimu kwa Kisheng, kana kwamba hakusikia wanamtafuta nani.

"Fundi."

"Fundi gani sasa? Hapa mafundi ni wengi. Kuna wa viatu, kuna wa redio, kuna wa stovu. Wa bunduki hatuna. Ama wewe unamjua?" akamgeukia mwenzake. Mwenzake hakumjua. Wote hawakumjua, nao walizidi kuongezeka, na akina mama tukasimama na beseni zetu mikononi, maji ya sabuni yakidondoka. Wale wanaume walitazama huku na huku. Mmoja alisema watarudi. "Karibuni sana," yule kijana akajibu, "mtatupata tu." Gari likaondoka. Halikurudi.

Wakati huo Fundi alikuwa ndani, nyuma ya pazia, umbali ambao angeweza kusikia kila kitu kama masikio yake yangekuwa mazima. Nilipoingia nilimkuta ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. "Naogopa, dada," aliniambia. Mkewe, aliyekuwa ameketi pembeni yake, alichukua kikombe, akasema, "Kuogopa ogopa. Lakini kesho tunakwenda kituoni kusema." Walikwenda. Mzee wa kanisa letu aliwasindikiza, na vijana wa mpira wakafuata nyuma bila kualikwa, hata polisi wa zamu akadhani ni maandamano. Maelezo yalichukuliwa. Yule mtu wa suti ya kahawia hakuonekana tena dukani kwetu, na yaliyompata mimi sikupata kuyajua.

Fundi alikaa nje ya duka miezi mingi. Alipata kibarua Industrial Area, kwa watu waliokuwa wakitengeneza mageti ya chuma, na mkono uliozoea kupapasa mtutu ukawa unachonga bawaba. Alirudi jioni na nywele zimejaa vumbi la chuma, akajifanya mchangamfu. Nilipokuwa nikimletea habari za dukani alinyanyua mkono nisiseme, kisha baada ya kitambo kidogo aliuliza, "Na yule daktari wa Limuru, mlimpa inchi ngapi?"

Tulimpa thelathini. Tulimpa kila mtu thelathini. Fundi mpya alikuwa kijana mwenye adabu, lakini aliwapa watu walichotaka, na watu walitaka urefu. Wateja walianza kurudi, mmoja mmoja, wakilalamika kwamba bunduki ni nzuri ila haipigi. Mkulima wa chai alikuja, akaulizia rafiki yake, nikamweleza yaliyotokea, maana sikuona sababu ya kuficha. Alisikiliza hadi mwisho. Akaingia ofisini kwa mwenye duka bila kubisha hodi, akafunga mlango. Hakupiga kelele. Alitoka baada ya muda mrefu, akanipa mkono, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata mwenye duka alikuja Kaloleni. Hakuwa amewahi kufika kwetu hata siku moja. Alitembea kati ya nyumba akiwa ameshika kofia yake, watoto wakimfuata, hadi nilipomwona na kumpeleka barazani kwa Fundi. Mke wa Fundi alimpa kigoda na chai ya tangawizi, hakumpa tabasamu.

"Fundi," mzee alisema, "siku ile nilimwogopa yule mtu."

"Hata mimi nilimwogopa."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Kuku alipita kati ya miguu yao. Mwishowe Fundi akasema, kwa sauti yake ya kawaida iliyofika hadi bombani, "Nikirudi, hakuna mtutu utakaokatwa kabla sijajua mtu anasimama wapi. Hata awe nani."

"Hata awe nani," mzee akakubali. Kisha akaonja chai, akakohoa kwa ukali wa tangawizi, na hapo ndipo mke wa Fundi alipocheka.

Jumatatu tulikwenda kazini pamoja, na ovaroli yake, niliyokuwa nimeichukua kaunta siku ile, ilikuwa imefuliwa.

Baadaye niliolewa Kakamega, nikaacha duka na Nairobi. Nilirudi kutembea mwaka wa mwisho wa muongo ule, nikamkuta Fundi karakanani, amezeeka, jicho moja lina ukungu. Kando yake alisimama binti yake wa mwisho. Alikuwa amesomea kazi ya chuma, akafanya kazi kiwandani miaka miwili mitatu, na sasa alikuwa kwenye mashine ileile ya baba yake. Nilistaajabu, kwani Fundi alikuwa ameapa mbele ya mtaa kwamba hakuna mtoto wake atakayegusa bunduki. "Niliapa," alikubali. "Yeye hakuapa."

Walikuwa wakibishana. Mteja wao alikuwa mama mmoja mkulima ambaye mkono wake wa kushoto ulidhoofishwa na polio tangu utotoni. Kaka zake wote waliwinda, na yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa kubebea wengine chakula. Sasa alitaka kuwinda. Fundi alisema apewe inchi ishirini na sita, mkono usichoke. Binti alisema hapana, fupi nyepesi itamyumbia mkononi kwa sababu mkono wenyewe hauna nguvu ya kuituliza. Alitaka kubakisha inchi ishirini na nane na kuongeza uzito ndani ya kitako, ili mzigo uangukie bega na mkono wa kulia.

"Binti, mimi nimefanya kazi hii kabla hujazaliwa."

"Najua, baba. Na mama huyu amenijia mimi."

Fundi alinitazama kutaka nimsaidie. Nikatazama dari.

Walinialika kwenda nao siku ya kujaribu. Lilikuwa shamba la alizeti nje ya mji, asubuhi baridi, umande hadi magotini. Tulisimama nyuma, mimi na Fundi, yeye na pamba zake masikioni. Mbele yetu yule mama na binti walikuwa wamesimama bega kwa bega, na binti alikuwa amebeba mfuko wa risasi uliomvuta upande mmoja. Njiwa wa kwanza akapita, akapigiwa risasi, akaendelea na safari yake. Wa pili vilevile. Yule mama akashusha bunduki, akatikisa kichwa. Binti akamwinamia, akamwambia kitu tusichokisikia, akamgusa begani. Mama akajipanga upya.

Akatokea njiwa mmoja juu upande wa kulia. Mitutu ilipanda bila haraka, ikamfuata, ikampita, ikaendelea. Mlio ukasikika.

"Ameanguka?" Fundi akaniuliza. Jicho lake halikuweza kufika kule.

"Ameanguka."

"Alisimamisha bunduki?"

"Hakusimamisha. Iliendelea kama maji."

Yule mama alikuwa amegeuka kuelekea kwetu, kinywa wazi, akiwa hajui acheke au alie, na binti alikuwa amemkumbatia kwa mkono mmoja. Fundi alivuta pumzi ndefu kupitia puani.

"Mimi bado nasema ishirini na sita," akaniambia.

"Nenda kamwambie mwenyewe. Yule pale."

Akaanza kwenda, akivuka umande polepole, mkono mmoja mbele kwa ajili ya lile jicho. Nilingoja nisikie sauti yake ikifika hadi barabarani. Lakini alipomfikia binti yake alimvua ule mfuko begani, akauvaa yeye, akasimama hatua moja nyuma yake, akingoja ndege mwingine.